Mje Mmeshakula

Nilikwenda kwa shangazi yangu Butiama nikiwa na begi la nguo, pakiti ya sukari na riwaya isiyotakiwa na mtu. Sukari ndiyo iliyopokelewa kwa mikono miwili.

Riwaya ilikuwa imekataliwa tena. Safari hii wachapishaji hawakusema hata kasoro yake ni nini. Walinitakia kila la heri tu, kama mtu anayefunga mlango polepole ili usimsikie anafunga. Kabla ya hapo shule binafsi niliyokuwa nikifundisha Bunda iliishiwa wanafunzi, ikafungwa, na mimi nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga Kigera, mjini Musoma, nikawa natoka nje jioni kuchota maji na kurudi ndani.

Sisi vijana waandishi wa Musoma tulikuwa na kikundi. Tulikutana kila Jumamosi kando ya ziwa, tukasomeana kazi zetu kwa sauti kubwa kuliko zilivyostahili, na korongo wale wenye vipara, wanaosubiri matumbo ya samaki, walisimama pembeni wakitusikiliza kwa sura za wahariri. Niliipenda Jumamosi kuliko sikukuu. Lakini riwaya iliporudi nilikosa Jumamosi moja, kisha nyingine. Rafiki yangu mmoja wa Buhare alikuwa akinipigia simu.

"Uko wapi?"

"Niko safarini."

"Safari gani hii isiyofika?"

Mwishowe, ili uongo ule uwe kweli, nikasafiri.

Si kwamba nilikuwa na huzuni ya kulia. Nilikuwa mkavu. Nilikaa mbele ya karatasi, sentensi ya kwanza ikaja, nikaitazama, nikaiambia haitoshi, nayo ikaondoka kwa adabu. Nilikuwa nimejizoeza kukitazama kila kitu kwa jicho hilohilo. Mkate hautoshi. Siku haitoshi. Mimi sitoshi. Kazi hiyo niliifanya kwa bidii kuliko nilivyowahi kuandika.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, mjane, na nyumba yake imejibanza chini ya majabali ambamo pimbi wanaishi kama wapangaji wasiolipa kodi. Kanisani anaimba sauti ya pili, na ni sauti ambayo mwalimu wa kwaya hajawahi kuifundisha. Magoti yake ni mabovu lakini ulimi mzima. Alinipokea bila kuniuliza nitakaa muda gani. Aliuliza jambo moja tu.

"Bado unaandika vitabu?"

"Naandika, ila havitoki."

"Vikikaa tumboni muda wote huo vitazaliwa na meno," alisema, akaenda kuificha sukari.

Msimu uliopita jua lilikuwa limeunguza mtama ungali mdogo, na ghalani mwa shangazi mlikuwa na debe la mbegu ya mtama, kibuyu cha kunde za mbegu, na paka. Paka alikuwa amekonda kwa sababu panya walikuwa wamehama. Asubuhi tulikunywa uji mwepesi, jioni tulikula ugali wa muhogo na mlenda, na katikati ya hapo shangazi alinisimulia vyakula. Alikuwa na kipaji cha kumsimulia sato wa kuchemsha mpaka ukajikuta unatafuta maji ya kunawa.

Nyumba nyingine za pale kijijini zilikuwa hivyohivyo, ila mimi sikujua. Nilidhani upungufu ule ni mali yetu sisi wawili tu, nikauonea aibu kama mtu anayetembea akijua gauni lake limechanika nyuma.

Kisha Jumapili moja, katikati ya misa, mvua ya kwanza ikapiga bati la kanisa kwa nguvu hata padri akanyamaza, akaketi, akaiachia ihubiri yenyewe. Tuliporudi nyumbani shangazi hakubadili hata nguo ya kanisani. Alikwenda moja kwa moja shambani, akachomeka kidole ardhini, akarudi na kidole kile cheusi na kunionyesha kama mtu aliyevishwa pete.

"Imeingia. Wiki hii tunapanda."

Shida ilikuwa kulima. Jirani aliyekuwa akimlimia kwa maksai aliwauza wakati wa kiangazi. Tulibaki na majembe mawili, magoti mawili mabovu, na mwandishi. Na mtama hauna subira: usipopandwa na mvua ya kwanza, unaiva baada ya mashamba ya wenzako, ukiwa peke yake bondeni, na kwelea kwelea wote wa nchi wanahamia kwako. Shangazi aliwahi kuliwa shamba zima namna hiyo, akabaki na mabua yanayopigwa upepo. Mbegu iliyokuwa kwenye debe ilikuwa ya mwisho. Isipoingia ardhini wiki ile, tungeisaga na kuila, na msimu mwingine ungemkuta shangazi na shamba lisilo na cha kupanda.

"Tuite risaga," alisema.

Risaga ni kuitana. Mwenye shamba anapitisha neno nyumba kwa nyumba, anataja siku; watu wanakuja na majembe yao, wanalima kwa mstari huku wakiimba na kuchekana, na mwenye shamba anawalisha. Halipwi mtu. Zamani kulikuwa na pombe, lakini kwa shangazi, tangu aingie kwaya, pombe imekuwa uji.

"Utawalisha nini?" nilimuuliza.

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Kitakachokuwepo siku hiyo."

"Shangazi, hakitakuwepo."

"Wewe umetokea huko kwenye siku hiyo? Umekiona hakipo?" Alinitazama kana kwamba kweli anasubiri jibu. "Magoti yangu hayafiki kote. Nenda wewe. Waambie Alhamisi. Basi."

Nilikwenda, na nilianza vizuri. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mwenye paa la bati jekundu, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Nilimwamkia, nikamwambia shangazi anaomba risaga Alhamisi.

"Alhamisi tupo," alisema, akatabasamu.

Lile tabasamu ndilo lililoniponza. Nililiona kama tabasamu la mtu anayekwenda kula. Nikaona ua wa shangazi umejaa watu walionawa mikono, wamekaa, wanatazama mlango wa jiko, na mlangoni anatoka paka. Ulimi ukaongeza wenyewe:

"Lakini mje mmeshakula."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Tuje tumeshakula."

"Ndiyo, mama."

"Haya, mwanangu. Tumesikia."

Nilidhani ameupenda ukweli wangu. Nyumba iliyofuata nikalisema kwa upole zaidi, na iliyofuata kwa ufasaha zaidi. Nililing'arisha tangazo lile njia nzima, na kufikia nyumba ya mwisho lilikuwa limenyooka kama mstari wa kwanza wa riwaya: shangazi anawaalika kulima Alhamisi, ila chakula kila mtu ale kwake. Nikarudi nyumbani nimefurahi. Kwa miezi mingi hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ambayo hakuna mtu aliyeirudisha.

Alhamisi shangazi alifagia uwanja, akafagia tena mahali alipokwisha kufagia. Jua likachomoza. Tukasikia majembe, lakini yalikuwa mashamba ya wengine. Jua likapanda juu ya majabali, pimbi wakatoka kuota, wakajipanga mstari wakitutazama kama watazamaji waliofika mapema kwenye ngoma ambayo haitachezwa.

"Labda kuna msiba," nilisema.

"Tungesikia kilio."

"Labda wamesahau."

"Kijiji kizima kimesahau kwa pamoja," alisema shangazi, akauegemeza ufagio ukutani. "Basi tunywe uji."

Tulikuwa tunakunywa uji alipoingia mtani. Mtani wetu ni jirani wa rika la shangazi, mtu wa ukoo ambao tangu mababu una haki ya kututukana, na sisi tuna haki ya kuwatukana wao, na anayekasirika ndiye mshamba. Alikuja bila jembe. Mikono ameiweka nyuma, pua ameiinua juu kama mbwa aliyefika machinjioni.

"Mke wangu," alimwambia shangazi, maana watani huoana kwa mdomo kila siku, "mmechinja nini?"

"Tumechinja mkia wako, fisi wewe. Jembe liko wapi?"

"Jembe la nini? Mimi nimekuja kunusa. Watu wanasema humu kuna mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Huyo aliyekuja na binti wa vitabu. Mnamla wenyewe, mlango umefungwa. Ndiyo maana tumeambiwa tuje tumeshakula."

Shangazi aliweka kikombe chini. Aligeuza shingo kunitazama, polepole sana, shingo tu, mwili ukabaki umemtazama mtani.

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ukweli. Kwamba hatuna kitu."

"Ulisema hatuna kitu?"

"Nilisema waje wameshakula. Ni kitu kilekile."

Mtani alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akageuza kinu akakikalia. Nilijua mambo ni mazito kwa jinsi alivyofurahi.

"Mwandishi," alisema, "ngoja nikufundishe Kiswahili cha huku. Mtu asiyekuwa na kitu hasemagi hivyo. Yeye anakuitaga tu. Unakuja, mnalima, mnakaa, mnatazamana, mnacheka, mnarudi nyumbani. Anayesema ukale kwako ana sufuria anaificha. Au ana ugomvi na wewe. Sasa watu wamekaa tangu juzi wanajiuliza, ugomvi hatuna na huyu mama. Basi ni sufuria."

Kumbe siku zile mbili kijiji kilikuwa hakijalala. Kwanza tulikuwa na mbuzi mmoja, kisha wawili. Kisha gunia la mchele, lililoshushwa wakati watu wako kisimani. Ilipofika Jumatano jioni vitabu vyangu vilikuwa vimenunuliwa na Wazungu, na shangazi alikuwa anajengewa nyumba Musoma yenye kuangalia ziwa, ndiyo maana hahitaji tena majirani. Nilikuwa nimekaa miezi nikilalamika kwamba sina hata cha kusimulia, na hapa watu wenye njaa walikuwa wamenitungia riwaya nzima kwa sentensi yangu moja, tena riwaya nzuri, yenye mbuzi.

Shangazi alianza kucheka kwa mabega. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, na alipomaliza kujifuta hakuwa akicheka tena.

"Na shamba?" alisema.

Mtani naye aliacha kucheka. Aliikwaruza ardhi ya uwanjani kwa kidole gumba cha mguu. Juu ilikuwa imeanza kuwa vumbi.

"Jua likipiga hivi siku mbili tatu, unaanza upya kungoja."

"Basi niende niwaombe radhi," nilisema. "Niwaeleze."

"Uwaeleze tena?" alisema shangazi. "Umeshaeleza vya kutosha. Nenda ukale kwao."

"Nikale?"

"Kwa kila uliyemwambia akale kwake. Unaingia, unakaa, unakula unachopewa. Hapo mnalingana, na neno lako linakufa."

"Niende kula chakula cha watu wenye njaa?"

"Tena usile kama mgonjwa," alisema mtani, akainuka kwenye kinu. "Unaanzia kwangu."

Nilifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Mlangoni shangazi alinishika mkono.

"Nikwambie kitu," alisema kwa sauti ya chini, mtani asisikie. "Asubuhi nilipoona hawatokei, kuna kitu ndani yangu kilishukuru. Nilisema, afadhali. Basi usidhani ni wewe tu uliyeliogopa sinia."

Nilimtazama. Ni yeye aliyeniuliza kama nimetokea kwenye siku ile. Sikujua kwamba naye alikuwa na safari zake za huko.

Kwa mtani nilipokewa na mke wake, yule wa kweli. Aliniwekea ugali wa muhogo na dagaa wa kuchemsha na nyanya. Nikaanza kula kwa adabu za mjini, vidole vitatu, tonge dogo, nikikwepa mchuzi ili ubaki.

"Huyu anakula au anasahihisha?" aliuliza mtani.

"Mwache mgeni," alisema mkewe.

"Mgeni gani? Nataka nione tonge. Tonge la watu wazima."

Nikamega tonge la watu wazima. Mke wa mtani alifurahi kwa namna ambayo sikuitegemea. Alivuta kigoda karibu, akakaa, akaniuliza habari za baba yangu, na kila nilipochovya dagaa uso wake ulizidi kutulia, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha yeye.

Nyumba ya pili walikuwa wazee wawili, mume na mke, waliokuwa na michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa juani ambayo ukiyachemsha yanakumbuka utamu wake polepole. Mzee hakuwa na meno. Alikaa mbele yangu akifuatisha taya zangu kwa macho.

"Tafuna na ya kwangu," aliniambia. "Hiyo ya kushoto bado."

Kwa jirani wao nilipewa uji. Kwa mwingine nikapewa kiporo cha kande, na mwenye nyumba akanieleza kwa fahari kwamba kilikuwa na maharage. Kote nilikopita waliniuliza habari za mbuzi, na niliposema hakuna mbuzi walisikitika.

"Kumbe hamna kitu," alisema kijana mmoja. "Na sisi tulikuwa tumeshaanza kuwasifia."

"Hata mchele?" aliuliza mama yake.

"Hata mchele, mama."

"Masikini. Basi kula hiyo."

Nilikuwa nikiingia kila nyumba nikitazama kwenye kona za jiko, kwa mazoea yangu ya kuona kisichokuwepo. Na kweli hakikuwepo. Vyungu vilikuwa vimepinduliwa, maghala yalikuwa na mwangwi. Nilichokula kwao hakikutoka kwenye ziada. Hakukuwa na ziada kijiji kizima. Kilitoka mahali fulani katikati, kati ya kile kidogo na mkono uliokitoa, na siwezi kusema vizuri zaidi ya hapo ni wapi. Najua tu kwamba kila mlango uliponifungukia iliingia pamoja nami aibu yangu, na kila nilipotoka ilikuwa imeachwa nyuma kidogo, kama mtoto mnene anayechoka kutembea.

Mwisho nilifika kwa mama wa bati jekundu. Yeye ndiye niliyeanza naye, na yeye ndiye aliyekuwa na kinyongo. Alinijibu salamu akiwa amenipa mgongo. Nilikaa kwenye mkeka bila kuambiwa.

"Nimekuja kula, mama," nilisema.

Aligeuka akanitazama. "Umekuja kula."

"Ndiyo."

"Sina kitu leo."

"Nitakaa tu, basi."

Tulikaa. Nilisikia kuku nyuma ya nyumba akitangaza kwa sauti kubwa, kama kuku wanavyofanya wakiwa wametoka kutaga, na nikamwombea anyamaze. Hakunyamaza. Mama aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Baada ya muda akarudi na yai la kuchemsha kwenye sahani, peke yake, likizunguka, na chumvi pembeni. Nyuma yake walikuja watoto wake watatu, wakasimama mlangoni kwa kufuatana urefu.

"Kula," alisema.

Tumbo langu wakati ule lilikuwa gumu kama ngoma. Lakini si tumbo lililonizuia. Yai lilikuwa moja na macho sita. Nikafungua mdomo kusema tuligawane, nikaona kidevu cha yule mama kinaanza kuinuka, nikajua nakaribia kurudia kosa lilelile kwa maneno mengine.

"Kula, dada," alisema mtoto mkubwa. "Sisi tumeshakula."

Alikuwa muongo mzuri. Hakupepesa hata macho.

Basi nikakumbuka jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua, na ambalo mji ulikuwa umenisahaulisha: mgeni hamalizi. Mgeni anakula, anashiba, anabakiza, na kilichobaki ni cha watoto, kwa haki, si kwa huruma. Nilikula nusu ya yai kwa chumvi, bila haraka. Lilikuwa bado na joto. Nikalisifu. Kisha nikaisogeza sahani mbele.

"Nimeshiba, mama."

Tangu niondoke Bunda sikuwa nimelitamka neno hilo kwa mtu yeyote. Sahani iliondoka pale mkekani kabla sijamaliza kunawa. Yule mama alikuwa akinitazama, na kidevu kilikuwa kimeshuka.

"Mwambie shangazi yako Jumamosi," alisema. "Na asituletee tena tarishi msomi."

Nilirudi nyumbani nimelegeza khanga, natembea kama mjamzito. Pimbi walinipisha njia.

Ijumaa shangazi alichukua jembe akaenda nyuma ya jiko, kwenye kijishamba cha muhogo mtamu ambacho alikuwa amekataza hata nisikisogelee. Ule muhogo ulikuwa akiba. Ulikuwa wa ile siku ambayo kila kitu kingine kimekwisha. Akaanza kung'oa.

"Wote?" nilimuuliza.

"Unataka nibakize upi? Nionyeshe mmoja, nitaubakiza."

Niliinama nikaanza kuokota mihogo. Tulimenya mpaka vidole vikakunjamana. Mimi nilipewa kukata. Nikakata vipande vidogo, nikavitazama, nikaona havitoshi, nikavikata tena kila kimoja mara mbili ili viwe vingi.

"Unakatia watu au vifaranga?" aliuliza shangazi. "Weka mapande. Mtu akishika pande la muhogo anajua ameshika chakula. Hivyo vyako akishika atadhani anahesabiwa."

Jumamosi walikuja hata kabla hatujamaliza kufagia. Walikuja na majembe begani na matusi mdomoni: walitaka kuonyeshwa mbuzi, wakapekua nyuma ya nyumba, wakamuuliza paka kama ndiye. Kisha wakashuka bondeni, wakajipanga mstari, mtani akaanzisha wimbo ambao shangazi aliuharibu papo hapo kwa sauti ya pili, na ardhi ikaanza kugeuka. Juu ilikuwa imekauka kama ganda la mkate. Chini bado ilikuwa nyeusi na baridi. Wakulima mbele, wapandaji nyuma. Mimi niliwekwa kwenye kupanda, na kila baada ya hatua chache sauti ilitoka mbele: mwandishi, punje tatu, si aya nzima.

Nilitupa mbegu ile ya mwisho kwa mkono wangu. Mwanzoni niliitoa kwa kuibania, kisha mstari wa majembe ukanizidi kasi, ukawa hauna muda wa uchoyo wangu, mkono ukalegea, ukaanza kwenda wenyewe. Sijui niseme vipi furaha ile. Debe lilikuwa linapungua na mimi nilikuwa najaa.

Tulikula mchana, kandokando ya shamba. Masinia yalishuka na yale mapande ya muhogo, mvuke ukipanda, na uji mwepesi uliotiwa sukari yote iliyofichwa. Niliwatazama watu kwa hofu yangu yote ya zamani. Hakuna aliyetazama sinia. Mtu alichukua pande, akalivunja, nusu akampa wa pembeni bila kumwangalia, wa pembeni naye akalivunja. Muhogo ule ulitembea. Walikuwa wakizungumza habari ya kesi ya mifugo na harusi ya mtu wa Bunda iliyokosa bwana harusi mpaka saa kumi. Mama wa bati jekundu aliniwekea kipande mkononi huku akiendelea kumsikiliza mwingine, na nilikuwa nimeshakila nusu nilipogundua kwamba sikusema ahsante wala sikujiuliza kama kinanistahili.

Pande moja likabaki kwenye sinia. Likabaki kabisa. Kila mtu aliliona na kila mtu alikuwa ameshiba kwa adabu.

"Ukoo wenu una ubahili wa ajabu," alisema mtani. "Hata kumaliza mnashindwa." Akalichukua, akalivunja, nusu akalitia mdomoni na nusu akanipa mimi.

Jioni mbegu zote zilikuwa ardhini. Watu waliondoka wakiwa wamepakwa udongo mpaka magotini, wakituahidi kurudi kumtafuta mbuzi vizuri. Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu la kudanganyia. Shangazi alisuguasugua sufuria kwa majivu, akaipindua juu ya jiwe, akaingia ghalani, nikamsikia anapiga debe tupu kwa kiganja kama mtu anayepiga ngoma kujaribu sauti yake. Akatoka na paka.

Nyuma ya jiko palikuwa na mashimo tu. Ndani hapakuwa na kitu hata kimoja cha kuliwa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikuwa nimeyaona yote hayo bila kifua kubana.

"Kesho tutakula nini?" nilimuuliza. Niliuliza kama mtu anavyouliza habari za hali ya hewa.

"Kesho ni Jumapili. Tutashindia uji wa jirani, ana deni langu la maneno, tangu ule uvumi wa mbuzi. Jumatatu ni risaga kwa yule fisi, mtani wetu. Ametuita wote wawili." Alinitazama mikono, ambayo ilikuwa na malengelenge ya jembe nililolishika mchana kuwapumzisha wakulima. "Lakini hilo jembe lako mpini umelegea. Nililiona. Litamrukia mtu."

Nikachukua ndoo, nikaijaza maji nusu, nikalitumbukiza jembe humo kichwa chini, lilale mpaka mti uvimbe na chuma kikaze.